"LINAHITAJI KIDOGO TU": NENO LETU KUHUSU MAGARI YA SPOTI YASIYOWAKA

Bismillaahir Rahmaanir Rahiym

Sifa zote njema ni za Allaah, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), Ahli zake na Maswahaba zake. 

Leo tunaomba radhi mapema. Tunataka kusema jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya watu tunaoswali nao safu moja. Lakini kunyamaza tumekwishajaribu, na kunyamaza kwetu kumemgharimu mtu.

Sisi wa Buyenzi, hapa Bujumbura, tunajulikana kwa mambo mawili: Kiswahili chetu na ufundi wa magari. Wengi wetu tumelelewa kwa fedha iliyotoka chini ya gari. Kwa hiyo haya hatuyasemi kama wageni wa kazi hiyo.

Miezi kadhaa iliyopita kijana mmoja wa msikiti wetu aliingiza mtaani gari la spoti, jekundu, la milango miwili, lililotoka Japani na kupitia bandari ya Dar es Salaam kama yanavyopita mengi ya kwetu. Halikuingia kwa kunguruma. Liliingia kwa kamba, likivutwa na pikapu, watoto wakikimbia nyuma na kushangilia. Dalali, au komisioneri kama tunavyomwita huku, alikaa kwenye usukani akiwapungia watu mkono. Maneno yake tuliyasikia kwa masikio yetu: "Hili halina ugonjwa. Linahitaji kidogo tu. Betri, na labda pampu ya mafuta."

Leo gari hilo liko juu ya mawe. Betri ilinunuliwa, halikuwaka. Pampu ilinunuliwa, halikuwaka. Mwishowe injini ikafunguliwa, na fundi akakuta silinda hedi imepasuka na gundi mpya ya gasketi imepakwa pembeni. Maana yake kila fundi anaijua: mtu alikwishaifungua, akauona ufa, akaifunga, akaiosha injini ikang'aa, kisha akaitia sokoni.

Fedha iliyonunua gari hilo ilikuwa akiba ya miaka 3 ya mahari, na juu yake bangili za dhahabu za mama yake mzazi. Nikaha iliyokuwa ifungwe baada ya Idi imeahirishwa, na binti wa watu anasubiri nyumbani kwao. Kijana alipomrudia muuzaji alipewa majibu matatu: "Ulinunua kwa macho yako. Nilikwambia haliwaki. Na sasa umeshaifungua injini, hairudi."

Na sisi watu wazima tulioitwa kusuluhisha tulifanya nini? Tulikunywa chai. Mmoja wetu akasema biashara ni ujanja. Mwingine akamwambia kijana asubiri, kila jambo lina kheri yake. Tukapeana mikono, tukaondoka. Hiyo ndiyo aibu yetu, na ndiyo sababu ya maneno haya.

HATUSEMI KWAMBA GARI LA SPOTI NI HARAMU

Tuliweke hili wazi ili asije mtu akatusingizia. Gari la spoti si haramu. Kununua gari lisilowaka nako si haramu. Fundi anayenunua gari bovu ili apate milango, rimu, taa na boksi ya gia anajua anachokifanya, na bei yake inalingana na anachokipata. Muuzaji aliyemwambia ukweli wote amefanya biashara halali, na tunamuombea baraka.

Tunachokipinga ni neno moja: "kidogo tu". Neno hilo limekula mahari, ada za shule na akiba za Hija, na bado halijashiba.

Hebu tulipime kwa akili ya kawaida. Gari la spoti likiwa zima lina bei yake. Likiwa haliwaki, linauzwa kwa robo au theluthi ya bei hiyo. Sasa, kama kweli tatizo ni betri, kwa nini mwenyewe hakununua betri? Kama ni pampu, kwa nini hakutia pampu, akaliwasha mbele ya wateja na kuuza kwa bei kamili? Mfanyabiashara gani anayeacha faida kubwa kama hiyo kwa kuogopa gharama ya betri moja? Jibu ni moja kati ya mawili. Ama hajui ugonjwa wa gari lake, basi hana haki ya kusema ni kidogo. Ama anaujua, na "kidogo" yake ni uongo.

GARI LISILOWAKA LINAFICHA MAGONJWA MENGINE

Vijana wengi hudhani gari lisilowaka lina tatizo moja, likitibiwa safari inaanza. Si hivyo. Gari linalowaka unaweza kuliendesha ukasikia boksi ya gia inavyoingia, klachi inavyoshika, breki zinavyovuta, rejeta inavyopoza, na moshi unaotoka una rangi gani. Lisilowaka halikuonyeshi hata kimoja katika hivyo. Unanunua ugonjwa mmoja unaoujua pamoja na mengine usiyoyajua. Huko ndiko kununua mbuzi kwenye gunia, na wanazuoni wetu wana jina lake: gharar. Gunia lisilofunguliwa kabisa, mwenye dini hulikwepa.

Tuchukue mfano unaojulikana duniani, ili tusije tukasengenya mtu wa mtaani. Lipo gari la spoti liitwalo Mazda RX-8, lililotengenezwa kuanzia mwaka 2003 hadi 2012. Lina milango minne, ila ile miwili ya nyuma ni midogo na hufunguka kuelekea nyuma, na vijana hulipenda kwa sura yake. Injini yake ni ndogo, ujazo wa takriban sentimita za ujazo 1300, tena haina pistoni. Ndani mna rota mbili zenye umbo la pembetatu zinazozunguka. Kwenye kila pembe ya rota kuna ukingo mwembamba unaoziba hewa, unaofanya kazi kama ringi za pistoni. Injini hiyo imeundwa inywe oili kidogo kidogo ili kingo hizo zilainike. Mwenye gari akisahau kuongeza oili, anaziua. Zikilika, kompresheni hushuka, na gari huwa gumu kuwaka, hasa injini ikiwa ya moto. Mwisho haliwaki kabisa, na dawa yake ni kuifungua injini yote au kuibadilisha.

Sasa sikilizeni. Gari hilo hilo, likiwa zima, ukiliwasha asubuhi likiwa baridi, ukalisogeza mita chache tu kisha ukalizima, petroli inaweza kufurika ndani na lisikubali kuwaka tena. Huo si ugonjwa mkubwa. Fundi anayelijua huikausha petroli iliyofurika, huziangalia plagi, na gari linaweza kunguruma siku hiyo hiyo.

Chukueni basi magari mawili ya aina hiyo, rangi moja, mwaka mmoja, na yote hayawaki. Moja limefurika petroli, jingine injini yake imekufa. Ukiyatazama kwa nje yanafanana. Ukipiga stata, yote mawili yanazunguka bila kuwaka. Muuzaji daima atakwambia lake ni lile la kwanza! Kuyatofautisha kunahitaji chombo maalumu cha kupimia kompresheni ya rota, kinachosoma nyuso zote tatu za kila rota. Chombo cha kawaida hushika namba moja tu iliyo kubwa kuliko zote, kwa hiyo uso mmoja uliokufa unaweza kujificha nyuma ya wenzake walio hai. Ni wangapi wenye chombo hicho katika mitaa yetu? Basi macho ya kijana wa miaka 24, aliyelipenda gari tangu alipoliona kwenye simu, yataona nini?

Ndiyo maana tunasema hoja ya "ulinunua kwa macho yako" ni hoja ya kuchekesha. Macho hayaoni ndani ya chuma.

MAJIBU YETU KWA MAJIBU YA MUUZAJI

La kwanza tumelimaliza. Twende la pili: "Nilikwambia haliwaki."

Ndiyo, ulimwambia. Lakini ulichomwambia ni kile ambacho hata mtoto aliyeshika kamba alikiona. Ulichokificha ni kile ulichokijua peke yako. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka na maji. Mwenye mali akajitetea kwamba ilinyeshewa na mvua. Hakuambiwa kwamba nafaka mbichi haiuzwi. Aliulizwa kwa nini hakuiweka juu watu waione, kisha ikabainishwa kwamba anayeghushi hayumo miongoni mwetu. Ndugu muuzaji, ufa wa silinda hedi ndio maji yako. Ulitakiwa kuuweka juu.

Tena tulisomeshwa madrasa habari ya mnyama aliyefungwa chuchu siku kadhaa bila kukamuliwa, ili mnunuzi akiona kiwele kimejaa adhani ana maziwa mengi. Mnunuzi wa mnyama huyo amepewa haki ya kumrudisha. Injini iliyooshwa kwa sabuni na kupakwa gundi mpya ina tofauti gani na kiwele hicho? Kilomita zilizorudishwa nyuma zina tofauti gani? Wanaofunga chuchu wapo hadi leo, ila siku hizi wanashika spana.

Wengine husema: "Sisi tuliandika kwenye karatasi kwamba gari linauzwa jinsi lilivyo, hatuna dhamana." Suala hili wanazuoni wamelijadili zamani, na wamekhitilafiana, wenzetu wa madhehebu ya Hanafi wametoa nafasi pana zaidi kwa sharti kama hilo. Ama katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu ndiyo tuliyosomeshwa, kauli yenye nguvu ni kwamba sharti hilo humuokoa muuzaji na aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Aibu aliyoijua akaificha haifutiki kwa karatasi. Na hata pale karatasi inapomuokoa mtu mbele ya hakimu, je, itamuokoa mbele ya Allaah, anayejua ni nani aliyepaka ile gundi?

Jibu la tatu ndilo lililotunyamazisha kikaoni, nalo ndilo dhaifu kuliko yote: "Umeshaifungua, hairudi." Sote tulitikisa vichwa tukaona ni haki. Tulisahau mas-ala ya nazi! Wanazuoni wa Shafi wameandika juu ya mtu anayenunua nazi au yai, akalivunja, akakuta ndani mmeoza. Kulivunja ni kuliharibu, lakini bila kulivunja asingejua. Kauli iliyo dhahiri zaidi kwao ni kwamba anayo haki ya kurudisha, wala halipi chochote kwa kuvunja, maadamu hakuvunja zaidi ya kiasi kinachohitajika ili kujua. Injini ni nazi, ndugu zetu. Ufa wa ndani hauonekani mpaka ufungue. Ikiwa kufungua kunaondoa haki, basi kila muuzaji wa injini mbovu yuko salama milele, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kumshika!

Hatutoi hukumu ya shauri la kijana wetu. Hiyo ni kazi ya masheikh. Huenda naye alichelewa kudai, na kuchelewa kuna hukumu zake. Tunachosema ni kwamba sisi tulilifunga shauri kwa hoja ambayo dini yetu haiikubali, na tukaiita hekima.

Na lipo jibu la nne, halisemwi kikaoni, linasemwa kijiweni: "Hata mimi niliuziwa hivyo hivyo." Kwa hiyo? Aliyeng'atwa na nyoka akamtia nyoka huyo kwenye mfuko wa jirani hajapona. Nazi mbovu harabu ya nzima, na soko lenye waongo watano linawaharibia jina mafundi mia wakweli wa Buyenzi.

KWENU VIJANA WETU

Tumewasema wakubwa, sasa nanyi msikasirike. Hakuna aliyekushika mkono ukalipe.

Rahisi ghali. Gari la spoti lililokufa halina bei nafuu. Lina bei iliyogawanywa. Sehemu ya kwanza unamlipa muuzaji, zilizobaki utazilipa kwenye vipuri. Na vipuri vya magari haya si kama vya Toyota za kawaida zilizojaa mitaani. Taa moja ya mbele, kompyuta ya injini, au kioo cha mlango, huenda ukaagiza nje na kusubiri. Wakati unasubiri, panya wanatafuna nyaya, petroli inachacha ndani ya tangi, tairi zinapasuka kwa jua, na breki zinashika kutu.

Tena fikirini njia zetu. Gari la spoti liko chini, karibu na ardhi. Mvua ikinyesha Buyenzi, mashimo ya barabara zetu yatalikwaruza tumbo kabla halijafika lami. Na petroli? Tulioishi Bujumbura mwaka 2022, 2023 na 2024 tunazikumbuka foleni za mafuta, na usiku ambao watu walilala ndani ya magari vituoni. Gari zima lilisimama kwa kukosa lita chache. Wewe unalilipia mahari lile ambalo hata tangi likijaa haliendi!

Jiulizeni kwa ukweli: unalitaka likupeleke wapi? Ikiwa jibu ni kwamba unataka wenzako wakutazame, basi jua kwamba watakutazama siku mbili. Siku ya kwanza ni likiingia kwa kamba. Siku ya pili ni likitoka kwa kamba. Qur-aan imewataja wanaotawanya mali ovyo kuwa ni ndugu wa mashetani, na mali inayotawanywa kwa kujionyesha haina hata starehe.

KWENU WAZAZI

Mama anayevua bangili kwa ajili ya mwanawe hatumlaumu. Huruma ya mama ni rehema. Lakini muulizeni mtoto maswali mawili kabla ya kutoa: nani amelipima, na ni nani aliyemlipa aliyelipima? Mara nyingi fundi aliyesema "kidogo tu" ameletwa na komisioneri, na ana fungu lake kwenye bei. Ushahidi wa namna hiyo hauwezi kukubaliwa hata kwa mbuzi wa akika.

TUNACHOPENDEKEZA

Kwanza, muuzaji aandike aibu zote anazozijua, moja baada ya nyingine, mbele ya mashahidi wawili. Neno "kidogo" lisiandikwe. Aandike kama injini imewahi kufunguliwa, na lini.

Pili, fundi achaguliwe na mnunuzi na alipwe na mnunuzi, na komisioneri anayekula pande zote mbili aseme hivyo waziwazi.

Tatu, kabla ya fedha kutoka, injini izungushwe kwa mkono kwa spana ionekane kama haijashika. Oili itazamwe, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Kompresheni ipimwe kwa chombo kinachofaa. Namba ya chasisi ilinganishwe na karatasi za forodha. Muuzaji akikataa moja katika haya, amekwishakujibu.

Nne, mapatano yawe na hiari ya siku tatu, kama sheria yetu inavyoruhusu, ili mnunuzi apate nafasi ya kuthibitisha na kurudisha.

Tano, fedha ya mahari, ya ada na ya Hija isiguswe. Gari bovu linunuliwe kwa fedha ambayo ikipotea nyumba haitikisiki.

Na sita, inatuhusu sisi wazee: tukiitwa kusuluhisha, tusije na msemo wa "biashara ni ujanja". Tuje na elimu, au tumwite mwenye elimu. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amefundisha kwamba wanaouziana wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika mauzo yao, na wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Baraka hiyo ndiyo mtaji wa mtaa wetu. Tukiipoteza, Buyenzi itabaki na spana tu.

Gari jekundu bado liko juu ya mawe. Watoto wale wale waliolikimbilia siku ile sasa hupanda ndani na kuigiza sauti ya injini kwa midomo yao. Kila tunapopita kwenda kuswali tunaliona, na linatuhukumu. Tumekwishamuomba radhi kijana na mama yake kwa kikao kile. Tumemuomba pia muuzaji, bila kumtaja na bila kumuaibisha, arudi tukae upya mbele ya sheikh baada ya swala ya 'Ishaa, na safari hii kile kipande cha hedi chenye ufa kitakuwa mezani.

Tunamuomba Allaah atujaalie riziki ya halali, ulimi wa kweli katika biashara zetu, na moyo wa kukubali tulipokosea. Aamiyn.

Wabillaahi tawfiyq.